Bolti ikikatika, weka drili chini kwanza

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa magari umewashauri wasomaji kwamba bolti ikikatikia ndani ya injini, mtu anunue ekstrakta, yaani kijiti cha chuma kigumu cha kung'olea bolti kwa ndani, atoboe katikati ya kisiki, kile kipande kilichobaki, aigongee ekstrakta humo kwa nyundo kisha aizungushe kushoto. Ushauri wote ni mistari minne. Kwa bolti chache utafaa. Kwa zile zinazokatika hapa kwetu Mwanza, mistari hiyo minne inatosha kuigeuza kazi ya saa moja kuwa kazi ya kushusha silinda hedi na kuipeleka kwa mchongaji wa vyuma. Naomba nafasi niyaeleze yaliyoachwa.

La kwanza ni kujua bolti imekatikaje, kwa sababu kuna visiki vya aina mbili na havitolewi kwa njia moja. Bolti iliyokatika wakati wa kukaza, au iliyochoka kwa mtikisiko ikakatika gari likitembea, kwa kawaida haikushikwa na kitu. Kichwa kikishaondoka, mkazo wote umekwisha, na kisiki kimekaa tu ndani ya meno yake. Hicho mara nyingi hutoka kwa ncha ya tindo ndogo ikigongwa pembeni kwa upole kuelekea kushoto, au kwa sindano nene na subira. Lakini bolti iliyokatika wakati wa kufungua ni jambo jingine kabisa. Hiyo ilikuwa imegoma kabla ya kukatika, na bado imegoma. Aliyeivunja ameondoa sehemu pekee aliyoweza kuishika, na kutu yote imebaki mahali pake.

Wengi hapa hulaumu unyevu wa ziwa. Mvua za Machi hadi Mei zina mchango wake, lakini maji ya Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi ya bahari. Chumvi inayokula bolti za magari yetu mara nyingi ilikuja na gari lenyewe. Magari mengi tunayoendesha ni mitumba ya Japani, na mikoa ya huko yenye theluji, kama Hokkaido na Niigata, humwagiwa chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Gari lililoishi huko linafika na kutu chini ya mwili wakati rangi ya juu inang'aa kama kioo. Ukiona bolti za eksozi zimevimba na kubabuka kama gome la mti, ujue unashughulika na gari la namna hiyo, na usiziguse siku hiyohiyo. Magari yanayobeba samaki wa chumvi kutoka mialoni nayo yaingizwe kundi hilo.

Chanzo cha pili tunakitengeneza wenyewe: maji matupu ya bomba kwenye rejeta badala ya kulanti. Kulanti ina kemikali za kuzuia kutu, maji ya bomba hayana. Bolti ya chuma inapopita ndani ya alumini na kukawa na maji kati yao, metali hizo mbili huanza kulana kama ndani ya betri, na unga mweupe wa alumini hujaza meno. Unga huo na kutu vyote huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, kwa hiyo bolti hubanwa kutoka pande zote. Ndiyo maana bolti za nyumba ya themostati na za pampu ya maji hukatika kirahisi hivyo, na nyingi ni ndogo, za milimita 6 tu.

Hapo kwenye vipimo pana mkanganyiko unaowaponza wanaofanyia kazi nyumbani. Bolti ya spana namba 12 haina unene wa milimita 12. Kwenye magari ya Japani, spana 10 kwa kawaida hufungua bolti ya milimita 6, spana 12 ya milimita 8, spana 14 ya milimita 10, na spana 17 ya milimita 12. Za Ulaya hutofautiana. Bolti ya milimita 8 huko huwa na kichwa cha 13. Halafu kuna hatua ya meno, yaani umbali kutoka jino hadi jino: 1.0 kwa bolti ya 6 na 1.25 kwa ya 8. Kwa ya 10 ndipo penye mtego, maana za Kijapani nyingi ni 1.25 na za Ulaya nyingi ni 1.5. Bolti ya kuokota kwenye rundo la chuma chakavu, yenye hatua isiyolingana, itaingia mizunguko miwili au mitatu kisha itakaza. Anayedhani ni uchafu na kuongeza nguvu amekwisha kuharibu meno ya bloku. Bolti yoyote iingie kwa vidole walau mizunguko mitano kabla spana haijaguswa.

Sasa kisiki chenyewe. Kama kimejitokeza juu, hata kwa milimita 5, shukuru, na usikikate. Ondoa kwanza kifaa kilichokuwa kinashikwa ili upate nafasi. Safisha kwa brashi ya waya, weka mafuta ya kupenya kutu, gonga ncha ya kisiki kwa nyundo ndogo mara ishirini au thelathini, si kwa nguvu bali kwa mfululizo, kisha acha. Kugonga huko hupasua kutu na kufungua njia ya mafuta. Rudia jioni, uache mpaka asubuhi. Dizeli peke yake hupenya polepole mno. Mchanganyiko wa asetoni na oili ya gia ya otomatiki, nusu kwa nusu, hupenya vizuri zaidi, ila asetoni hushika moto haraka, hula rangi na plastiki, na hujitenga na oili, kwa hiyo chupa itikiswe kila mara na isikaribie moto wowote.

Moto ndio dawa yenye nguvu kuliko mafuta yote, lakini utumike mahali pake. Pasha sehemu inayozunguka kisiki, usipashe kisiki. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, hivyo tundu hulegea kabla bolti haijavimba. Tochi ndogo ya gesi inatosha. Matone ya maji yakichemka na kuruka papo hapo, joto limefika. Usingoje alumini iwe nyekundu. Haibadiliki rangi kama chuma, na ikifika nyuzi 560 hadi 660 hivi, kutegemea mchanganyiko wake, inayeyuka na kudondoka ghafla. Kikiwa bado cha moto, gusisha mshumaa kwenye shina la kisiki: nta itayeyuka na kuvutwa ndani ya meno. Halafu bana kwa vaisigripu, ile plaizi inayojifunga, au chonga pande mbili bapa kwa tupa ili spana ishike. Kama meno ya juu ni mazima, funga nati mbili na uzikaze zigandane, kisha zungushia ile ya chini.

Na mwendo wake usiwe wa kushoto moja kwa moja. Anza kwa kukaza kidogo kulia, robo ya robo mzunguko, ndipo ulegeze. Ikisogea, rudi, ongeza mafuta, sogeza tena. Bolti iliyotembea kidogo kisha ikaanza kukaza tena inakwambia kwamba unga wa kutu umejaa mbele yake. Irudishe ndani, usiilazimishe kutoka.

Kisiki kikiwa sawa na uso wa metali, au kimezama kidogo, njia ninayoipendekeza kabla ya drili ni kuchomelea nati juu yake. Wenye magari wengi huiogopa, na ndiyo ukurasa wenu haukuitaja hata kwa neno. Inafaa kwa sababu inafanya mambo mawili kwa pamoja: inaleta kichwa kipya, na inapeleka joto kali kwenye kisiki, ambacho kikipoa husinyaa na kuachana na kutu. Ubora mwingine ni kwamba moto wa kuchomelea chuma haushiki alumini, kwa hiyo kwenye hedi ya alumini meno yanabaki salama mkono ukiwa mwangalifu. Kwenye chuma cha kusubu, ambacho mafundi hukiita kasti, weka kwanza washa yenye tundu dogo kuliko kisiki ili kukinga pembeni.

Kwa kisiki cha milimita 8, tumia nati ya 8 au ya 10, ukwangue kwanza ule mng'ao wa zinki kwa tupa, kwani zinki ikichomwa hutoa moshi unaoumiza mapafu. Fimbo ya kuchomelea ya 6013 yenye unene wa milimita 2.5, ampea 80 hivi, inatosha. Anzia katikati ya kisiki, ndani ya tundu la nati, ujaze ukipanda juu mpaka moto ushike kuta za nati. Kosa la kawaida ni kuchomelea nati vizuri kwa juu huku chini haijashika kisiki. Inatoka safi, kisiki kinabaki kimekaa. Subiri wekundu uishe kabisa, gusisha nta, na nati ikifikia joto la kushikika kwa glavu, anza kukaza na kulegeza kama nilivyoeleza. Nati ikitoka, chomelea nyingine. Mara ya tatu au ya nne si ajabu, na kila mara joto limefanya kazi yake.

Kabla ya kuwasha mashine hiyo ondoa waya hasi wa betri na chomoa plagi ya alteneta. Kibanio cha ethi kikae karibu kabisa na kisiki ili umeme usipite kwenye beringi wala kompyuta ya gari. Mabomba ya petroli yaliyo karibu yaondolewe, si kufunikwa kwa kitambaa. Na jambo ambalo wengi hawalijui: dawa ya kopo ya kusafishia breki, kama ina klorini, ikikutana na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya fosijini, ambayo inaua. Soma kopo. Ukiona neno lolote lenye klorini, usitumie dawa hiyo mahali panapochomelewa, hata kama panaonekana pamekauka.

Fundi wa kuchomelea mageti anaweza kuifanya kazi hii kama mkono wake ni mtulivu, ila mweleze mapema kwamba unataka kisiki kitoke, usije ukakuta amejaza tundu zima.

Ikishindikana, ndipo drili. Na hapa asilimia kubwa ya kazi ni kabla ya kutoboa. Kisiki kilichokatika huwa na uso wa mteremko, na biti, ile ncha ya drili inayotoboa, ikiwekwa kwenye mteremko huteleza kuelekea upande laini, yaani alumini. Sawazisha uso kwanza kwa tupa au jiwe dogo la kusaga. Tafuta katikati kwa kipimo, si kwa jicho, kisha piga senta panchi, kile chuma chenye ncha cha kuweka alama ya kutoboa, kwa wepesi, kagua, sahihisha, ndipo upige kwa nguvu. Kwa bolti ya 8, kukosea katikati kwa milimita moja maana yake biti ya mwisho itakula meno ya upande mmoja na kuacha ukoko wa bolti upande wa pili.

Njia ya uhakika ni kutengeneza kiongozi. Mwombe mchongaji akuchongee bushi ya chuma, yaani kibomba kifupi, yenye unene wa nje wa kuingia kwenye tundu la kile kifaa ulichokiondoa, na tundu la ndani la milimita 3. Rudisha kifaa mahali pake kwa bolti zake nyingine, ingiza bushi, toboa kupitia humo. Biti haina pa kwenda ila katikati. Bushi moja kama hiyo hutumika miaka mingi, na ni ajabu kwamba gereji nyingi hazina hata moja.

Toboa kwa milimita 3, halafu 5, halafu 6.5 kwa bolti ya 8. Usifike 6.8, kwani hicho ndicho kipimo cha kutobolea tundu jipya la tapi ya 8, kile kifaa cha kuchongea meno ndani ya tundu, na ukipinda kidogo tu umeyagusa meno. Biti za kobalti, zenye alama ya Co, ndizo za kununua. Bolti yenye namba 10.9 kichwani huziua biti za bei nafuu. Biti ya 3 ivumilie mizunguko kama 1,500 kwa dakika, ya 6.5 isizidi 700. Weka oili ya kukatia, gandamiza kwa uzito, pumzika. Vipande vya chuma vikitoka vimejikunja, kazi inakwenda. Ukisikia mlio mkali na kuona unga, biti imekufa na unachofanya ni kuupasha na kuugumisha uso. Kama drili yako inarudi nyuma, nunua biti za mkono wa kushoto. Hizo hutoboa zikizunguka upande wa kufungua, na mara kwa mara kisiki kilichopashwa moto hung'ata biti na kutoka chenyewe katikati ya kazi. Vyuma visidondokee kwenye tundu la plagi wala njia ya oili: ziba kwa kitambaa kilichopakwa grisi, na kumbuka sumaku haiokoti alumini. Miwani ivaliwe muda wote. Na kama kazi iko chini ya gari, gari likae juu ya stendi za chuma, kamwe si juu ya jeki, maana nguvu za kufungua bolti iliyogoma ndizo zinazoangusha gari.

Ukishabakiza ukuta mwembamba wa kisiki, uvute kwa sindano ya chuma kuanzia jino la kwanza. Mara nyingi hutoka umejisokota kama springi. Maliza kwa kupitisha tapi ya kipimo kilekile, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, kwa oili.

Sasa ile ekstrakta mliyoipendekeza. Tatizo lake ni la hesabu. Uwezo wa shina kuhimili msokoto hupungua kwa mchemraba wa kipenyo chake: ukipunguza kipenyo nusu, uwezo unabaki sehemu moja ya nane. Bolti ya milimita 8 imekatika kabla ya kutu kuachia, halafu tunaingiza ndani yake kijiti cha milimita 4 na kukitaka kifanye kile ambacho bolti nzima imeshindwa. Chuma chake ni kigumu zaidi, ni kweli, lakini si kigumu mara nane. Isitoshe, ekstrakta yenye umbo la kabari hukitanua kisiki kadiri inavyozama, hivyo hukibana zaidi kwenye meno. Ikigongwa kwa nyundo ndiyo kabisa. Kwa kisiki cha aina ya kwanza, kisichogoma, inafaa sana. Kwa kilichogoma, ijaribiwe tu baada ya moto na nta, ikiwa imesukumwa kwa mkono, na izungushwe kwa mpini mfupi wa tapi, si kwa spana ndefu. Ikianza kujipinda kama springi bila kisiki kusogea, simama hapo hapo.

Kwa sababu ikikatikia ndani, umemaliza njia za nyumbani. Ekstrakta na tapi ni chuma kilichogumishwa, na biti ya kawaida haivikati. Itateleza pembeni ichimbe alumini. Hapo panahitajika jiwe la kabaidi linalozunguka kwa kasi kubwa na mkono usiotetemeka, au mashine ya kula chuma kwa cheche za umeme. Ndiyo maana nasema mtu asimame mapema. Hedi yenye kisiki kizima, ikifikishwa kwenye karakana ya uchongaji pale Nyakato, ni kazi ndogo. Hedi yenye tundu lililopinda, na ekstrakta iliyokatikia ndani, ni kazi nyingine na bei nyingine.

Meno yakiwa yamekufa, usijaze gundi ya chuma ukategemea ishike bolti ya hedi au ya pampu. Vesha helikoili, yaani koili ya waya inayokuwa meno mapya: kwa bolti ya 8 toboa 8.3, pitisha tapi ya seti hiyohiyo, zungusha koili mpaka iketi robo hadi nusu mzunguko chini ya uso, kisha vunja mkia wake na uuokote. Kwenye alumini, meno ya koili hiyo huwa imara kuliko yale ya kiwandani.

Wakati wa kurudisha, tundu lisilotoboka upande wa pili likaushwe kabisa. Oili au maji yakibaki chini, bolti inayoshuka huyagandamiza kama jeki na huweza kupasua bloku. Bolti ya 6 inataka nyutoni mita 10 tu, sawa na kuvuta kilo 7 kwenye ncha ya spana ya sentimita 15, yaani vidole vitatu. Ya 8 ni 20 hadi 25 kwa kazi nyingi. Ya 10 ni 40 hadi 50. Kitabu cha gari husika ndicho kinachoamua. Bolti za hedi zinazomaliziwa kwa nyuzi za pembe hutanuka zikikazwa, kwa hiyo pima urefu wake kwanza au nunua mpya. Stadi za eksozi, zile bolti zisizo na kichwa, zipakwe grisi ya shaba, lakini ukipaka grisi punguza mkazo, maana bolti iliyolainishwa huvutika zaidi kwa nguvu ileile ya kukaza. Nati za magurudumu zikae kavu. Kwa Toyota ndogo nyingi ni nyutoni mita 103, na bomba linalopachikwa kwenye spana kuongeza nguvu halina kazi hapo.

Oili chafu na asetoni iliyobaki visimwagwe mtaroni. Mitaro ya mjini hushuka Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani.

Naomba, ndugu Mhariri, ukurasa wa magari uchapishe tena ushauri ule ukiwa na moto na nati mbele, ekstrakta nyuma, pamoja na vipimo vya spana na biti nilivyovitaja, ili msomaji avikate na kuvibandika ukutani penye vifaa vyake.

Fundi magari,
Nyakato, Mwanza